Kabla Hujatia Dole Gumba

Mwezi wa Julai mjini Babati baridi inashuka kutoka Mlima Kwaraha tangu alfajiri, na watu wanaingia stesheneri wakiwa bado wamejifunika mashuka mabegani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka moja jirani na stendi, nasubiri kopi zangu, alipoingia babu mmoja na daftari la mistari lililokunjwa katikati. Binti wa kompyuta akamwamkia, babu akaitikia, akasema amekuja kuandikiwa wosia.

Akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ng'ombe wawili kwa huyu, kwa kuwa ndiye aliyewasomesha wadogo zake. Shamba la Bonga kwa yule, kwa kuwa ndiye anayekaa na mama yake. Nyumba ni ya bibi yao mpaka Mungu atakapomchukua. Kila mgao ulikuwa na maelezo yake, na maelezo yalikuwa marefu kuliko mgao wenyewe. Halafu akafika kwa mtoto wa tatu. "Andika kwamba huyu asipate kitu."

Binti akasimamisha vidole. "Babu, tuweke na sababu?"

Mzee akalikunja daftari. "Sababu anaijua mwenyewe."

Mtu aliyekuwa ameeleza kila kitu, hata kwa nini mbuzi mmoja aende kwa mjukuu, alipofika mahali panapomuuma alinyamaza. Nimekuwa nikisoma hati za watu kwa miaka mingi, nyingine kwa kazi yangu na nyingine kwa kuombwa na majirani, na naamini kwa dhati kwamba karatasi ya kisheria ina moyo wa aliyeiandika. Hofu yake imo, mapenzi yake yamo, hila yake imo kama anayo. Tatizo letu ni kwamba tunaisoma mara ya kwanza siku ya ugomvi, wakati mwandishi ama amekufa ama amesimama kizimbani.

Nianze na wosia, maana hapo sheria yenyewe inataka moyo uandikwe. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lenye kanuni za mila kuhusu urithi na wosia, bado linatajwa katika mahakama zetu. Linamruhusu mzazi kumnyima mtoto urithi, lakini linamtaka afanye mambo mawili. Kwanza, aseme waziwazi kwamba anamnyima, na aseme kwa nini. Sababu zenyewe zimetajwa, na ni za uzito: mtoto aliyezini na mke wa mwenye wosia, aliyejaribu kumuua au kumshambulia yeye au mama yake, aliyemtelekeza wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Pili, mtoto apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mzazi mwenyewe au mbele ya baraza la ukoo.

Kanuni hizi zina mengi ya kulaumiwa, hasa kwa jinsi zilivyowaweka wajane na mabinti nyuma katika urithi. Lakini hapa ziligusa kweli. Hasira isiyoandikwa haizikwi na mwenye nayo. Inabaki ukooni, kila mmoja akiijazia sababu yake: huyu anasema mtoto alikuwa mlevi, yule anasema mama wa kambo alimroga mzee, na mwenyewe aliyenyimwa anakwenda mahakamani kusema baba alikuwa hana akili siku ile. "Sababu anaijua mwenyewe" ni mstari ambao ungeanguka mbele ya hakimu, na ungeanguka kwa sababu baba alitaka kumsitiri mwanawe. Wakili mwenye haraka angesoma chuki pale. Mimi nilisoma aibu, na chini ya aibu mapenzi ambayo hayajaisha.

Hata hivyo kusoma moyo kwenye karatasi kunahitaji utaratibu, la sivyo kunageuka ramli. Chukua hati ya mauziano ya shamba, ile inayochapwa kila siku kwenye maduka yetu: "Mimi fulani, nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa wala kushawishiwa na mtu yeyote, nimeamua kwa hiari yangu…" Maneno hayo si ya muuzaji. Yalikuwa kwenye kompyuta kabla hajazaa wazo la kuuza, na kesho yatatumika kwa mwingine kwa kubadilisha jina tu. Hayathibitishi kwamba akili ilikuwa timamu wala kwamba hiari ilikuwapo. Anayetaka kumsikia mwandishi apanguse kwanza maneno ya kukariri. Kitakachobaki, hata kikiwa mstari mmoja, ndicho chake.

Niliwahi kuoneshwa hati ya mkono, imeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyoishiwa wino ikamaliziwa na nyeusi. Mipaka ilikuwa imetajwa kwa pande nne kama kawaida. Kaskazini, shamba la jirani. Kusini, barabara. Magharibi, korongo. Mashariki mwandishi akajaza mistari mitatu mizima: kwamba anapakana na ndugu yake, kwamba mpaka ni minyaa iliyopandwa na marehemu baba yao, kwamba minyaa hiyo isikatwe wala isisogezwe na mtu yeyote hata akiwa ndugu wa damu. Hapo ndipo palipokuwa na mtu. Pande tatu ziliandikwa na mazoea, upande wa nne uliandikwa na hofu. Aliyekuwa akimwogopa hakuwa mnunuzi, alikuwa ndugu yake wa mashariki, na hati ile ilikuwa inampa mgeni kesi ambayo muuzaji alishindwa kuimaliza nyumbani. (Jina la mkoa wetu, Manyara, linasemwa kuwa limetoka kwenye neno la Kimaasai emanyara, ambalo ni huo huo mmea wa minyaa unaozungushiwa boma. Tunaishi katika mkoa wenye jina la uzio.)

Mnunuzi angesoma mistari ile mitatu kabla ya kuhesabu fedha, angeuliza swali moja tu kwa mwenyekiti wa kitongoji na angejua kila kitu. Hakuuliza. Alikimbilia kwenye bei na muhuri.

Kwa hiyo mahali mwandishi anaporudia jambo, simama hapo. "Fedha zote zimelipwa, zote kabisa, mbele ya mashahidi, hakuna deni lililobaki" ni sauti ya mtu aliyewahi kudhulumiwa, au ya mtu anayejua kwamba fedha hazikulipwa zote. Zote mbili zinawezekana, na ndiyo maana unauliza. Anayeona mtego hapo na anayeona kidonda wote wawili wameona vizuri kuliko aliyeruka.

Kisha kuna kilichoachwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kila mtendaji wa kijiji na wa mtaa anajua, kila stesheneri inajua. Sasa ukikuta hati ya nyumba yenye mashahidi sita, wote wanaume, mmoja wao kaka wa mke, na mke mwenyewe hayumo hata kama shahidi wa saba, usiseme wamesahau. Kaka yake alikumbukwa vipi? Ukubwa wa orodha ya mashahidi hapo ni pazia. Vivyo hivyo shamba la kijijini linalouzwa gizani, bila kupita kwenye halmashauri ya kijiji: Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1985, katika shauri la Nyagwaswa dhidi ya Nyirabu, kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Anayekwepa ofisi ya kijiji leo, huku akisisitiza tuandikishane haraka haraka nyumbani, ameshaandika nia yake kabla ya kushika kalamu.

Hati ninayoiogopa kuliko zote ni muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Kwa sura ni karatasi ya amani. Kikao kilifunguliwa kwa sala saa nne asubuhi, kikafungwa kwa sala, na katikati wajumbe "kwa kauli moja" walimpendekeza fulani. Nenda kwenye orodha ya waliohudhuria. Tazama mpangilio. Mjane yuko namba ngapi? Binti mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, kwa nini yuko namba kumi na moja, chini ya binamu aliyetoka Singida jana? Tazama sahihi: kumi na moja zina wino mmoja na mkono unaofanana, ya kumi na mbili haipo. Kauli moja imepatikana kwa kumtoa mwenye kauli ya pili. Wazee wa baraza wenye macho huligundua hili bila kusomea chuo chochote, kwa kumwita aliyekosekana na kumuuliza alikuwa wapi siku ile.

Hapa lazima nijizuie, na nimzuie pia msomaji anayeanza kufurahia kazi hii. Mahakama haina kioo cha kumulika moyo, na tunashukuru kwamba haidai kuwa nacho. Katika kesi ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilipotakiwa kupima kama mtu aliua kwa kudhamiria, ilitaja vitu vinavyoonekana: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshitakiwa, mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Na kwenye mikataba, Sheria ya Ushahidi haikubali mtu aje na maneno ya mdomo kuipinga karatasi aliyosaini, isipokuwa aoneshe udanganyifu, vitisho, makosa au jambo la namna hiyo. Kumsoma mtu kwenye maandishi yake kunakupa swali la kuuliza. Hakukupi hukumu.

Pia uwe na hakika kwamba maandishi ni yake. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa huandikwa na askari, na lugha ya askari tunaijua: "Nakumbuka mnamo tarehe, majira ya saa…" Hakuna mkulima wa Magugu anayezungumza hivyo akiwa na hofu. Uingereza walimnyonga kijana wa miaka 19, Derek Bentley, mwezi wa Januari 1953, kwa mauaji ya askari, na maelezo yake yalisomwa mahakamani kama maneno yaliyotoka kinywani mwake bila kuulizwa maswali. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa lugha Malcolm Coulthard aliyachambua akaonesha jinsi neno moja dogo la kuunganisha matukio, "kisha", lilivyojaa ndani yake, na kwa mpangilio wa uandishi wa polisi. Hukumu ya Bentley ilitenguliwa mwaka 1998. Makosa ya jaji katika kuliongoza jopo la raia (jury) yalikuwa sababu kubwa, lakini somo la Coulthard limebaki: ukisoma moyo kwenye karatasi, hakikisha kwanza ni moyo wa nani.

Na kuna kosa kubwa zaidi, ambalo lilitupata sisi wenyewe hapa Manyara. Nimesema kilichoachwa kinaweza kuwa hila. Kinaweza pia kuwa uhakika wa mtu ambaye hakuona haja ya kusema.

Tambarare za Hanang zilitwaliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 wakaenda mahakamani kudai ardhi yao. Mahakama Kuu iliamua kwa upande wao. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka 1985, ikisema halmashauri haikuonesha kwamba iligawiwa ardhi ile, na wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923, sheria ya mkoloni Mwingereza.

Fikiria umeketi chini ya Mlima Hanang. Eneo lile lote limejaa makaburi ya wazee wa Kibarbaig, yale ya udongo yaliyoinuliwa kwa ibada ya miezi mingi. Unaandika madai yako kwa hakimu. Utaanza na nini? Utasema umelima wapi, umelisha wapi, trekta lilipita wapi, nyumba ipi ilibomolewa. Nani angekumbuka kuandika "mimi ni mwenyeji"? Mtu husema hivyo anapokuwa ugenini. Aliyesoma madai yale akakuta neno halipo, akaona pengo la ushahidi. Mimi nikiyafikiria madai hayo naona watu waliokuwa na uhakika kiasi kwamba neno hilo halikuwajia. Katika sheria pengo ni pengo, na majaji walifuata sheria iliyokuwa mbele yao. Lakini uchungu wa Mulbadaw haujapungua kwa sababu hiyo, na kila wakili anayemwandalia mkulima madai anapaswa kuujua: jambo ambalo mteja wako anaona ni la wazi mno kusemwa ndilo la kuandika mstari wa kwanza.

Linganisha na karatasi ya upande wa pili. Miaka michache baada ya hukumu ile, serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya mashamba yale ya ngano. Mtu hafuti kitu ambacho hakipo. Amri iliyoandikwa kufuta haki za kimila ilikiri, kwa jina lake tu, kwamba haki hizo zilikuwapo. Nimelisoma jina hilo mara nyingi kichwani mwangu, na kila mara nasikia mwandishi asiye na amani.

Watu wa kawaida wanajua kusoma nia, tena haraka kuliko wanasheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Duru-Haitemba, hapa hapa wilayani Babati, ulikuwa mbioni kutangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Wapimaji walipoanza kupita na mipaka yao, wanavijiji hawakungoja kusoma tangazo lolote gazetini. Walisoma nia kwenye alama za mipaka: tunafukuzwa. Wakaanza kukata miti kabla haijawa ya mwingine. Mwaka 1994 maofisa wakabadili njia, vijiji vinane vikakabidhiwa msitu vigawane mipaka na kuulinda, kila kijiji kikatunga sheria ndogo zake, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Msitu ukapona. Miti ilikuwa ile ile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni sentensi inayosema msitu ni wa nani, na nani ameiandika.

Ndiyo maana suala la lugha silioni kama la kisomi. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa mtu wa Dareda au Gidas hilo ni jambo la haki ya msingi. Babati sasa ina masjala ndogo ya Mahakama Kuu, hatupandi tena basi kwenda Arusha kwa kila rufaa. Lakini hukumu inapomfikia mtu kwa Kiingereza, amesogezewa jengo, hajasogezewa sababu za kushindwa kwake. Atarudi nyumbani akijua matokeo tu, na matokeo bila sababu ni ule mstari wa yule babu: anaijua mwenyewe.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa aina tatu. Kwa mabinti na vijana wa stesheneri: ninyi ndio wasomaji wa kwanza wa hati za mkoa huu, mara nyingi na wa mwisho kabla ya sahihi. Mkiona mteja anajaza mistari mitatu upande mmoja wa mpaka, mwulizeni, kama yule binti alivyouliza. Kwa watendaji wa vijiji: muhuri usigongwe mpaka karatasi imesomwa kwa sauti mbele ya wote wanaotajwa ndani yake, na ya asiyejua kusoma isomwe mara mbili. Kwa wewe mwenye sanduku la makaratasi uvunguni mwa kitanda: litoe Jumapili hii, usome hati zako kana kwamba zimeandikwa na mtu usiyemjua, na uone anamwogopa nani.

Yule babu alirudi baada ya siku chache. Nilikuta binti anamalizia ukurasa wake. Mstari wa mtoto wa tatu ulikuwa umeongezewa maneno: "Nililazwa hospitali miezi miwili, hakuja hata siku moja." Binti akamuuliza kama mwanawe anajua kwamba jambo hilo limeandikwa. Mzee akatazama nje, kwenye malori ya mbaazi yaliyokuwa yanapita kuelekea barabara ya Arusha, akasema bado, kwanza atamwita aje aseme mwenyewe kwa nini hakuja. Akaomba ukurasa uhifadhiwe kwenye kompyuta, usichapwe. Mpaka ninaandika makala haya haujachapwa.